Mwalimu Bonneau Hana Darasa

Washington
14 Oktoba 1951

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka kitandani. Wewe hujambo? Goti bado linakusumbua? Na Shangazi Tena je, bado anagombana na kuku wake?

Mwezi wa kwanza wa masomo ya sheria umekwisha. Vitabu ni vinene, walimu ni wakali, na hakuna mtu hapa anayeongea kama sisi wa pwani ya Carolina. Nikifungua mdomo wenzangu wanacheka, wananiita "mla wali". Kwa hiyo siku hizi siongei sana. Jumapili nikitoka kanisani narudi chumbani, nakaa. Sikujua kwamba Jumapili inaweza kuwa ndefu hivi.

Juzi profesa alituuliza mmoja mmoja kwa nini tunataka uwakili. Wenzangu walisema mambo makubwa makubwa, haki, katiba, taifa. Mimi nikasema nataka kazi ya kukaa ofisini. Wakacheka tena. Ukweli sikuweza kuusema mbele ya watu. Ukweli ni ile siku Bwana Cuthbert, mkuu wa shule za kaunti, alipokuja darasani kwako nikiwa na miaka tisa. Alikaa kwenye kiti chako, wewe ukasimama. Akakuamuru useme hesabu za saba mbele yetu, ahakikishe kama mwalimu mweusi anazijua. Ukazisema zote mpaka mwisho, mikono nyuma, wewe uliyetufundisha. Tangu siku ile kuna kitu kimenikaa hapa kifuani, na sijaona dawa yake ila hii.

Niandikie upesi. Hata ukinigombeza ni sawa tu.

Mdogo wako,
Josephus


Pocalee, Carolina Kusini
2 Novemba 1951

Kobe wangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Sisi hatujambo. Goti ni goti, limezeeka kabla yangu. Shangazi Tena ameshindwa na jogoo, sasa wanaishi kwa mapatano.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Umekosea mahali pawili. Wakili asiyejua kuweka mkato atafungisha watu wasio na hatia.

Kuhusu Bwana Cuthbert. Ulidhani sikuaibika? Niliaibika mpaka masikio yakawaka. Lakini nilitaka muone kwamba saba mara nane ni hamsini na sita, hata anayeuliza awe mpumbavu. Kama ulichochukua pale ni hasira peke yake, basi somo hukulishika, rudi darasani ukae dawati la mbele.

Mwaka huu nina watoto sitini na mmoja katika vyumba viwili. Ile sheria yangu iko palepale: ukifika mlangoni acha nje tope na jina la kapu. Nyumbani waite watakavyo, lile jina alilopewa mtoto angali amelala kapuni. Humu ndani mtoto anaitwa kwa jina lake kamili kama raia. Jana mmoja amelia, anasema huyo mwenye jina refu simjui mimi. Nikamwambia hata mdogo wangu alilia, alipoambiwa yeye si Kobe ni Josephus, akasusa kula siku nzima. Darasa lote likacheka. Samahani, nimekutumia kama mfano.

Jumapili zako na mimi ninazo. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Kula vizuri.

Dada yako,
Ardelia


New York
26 Machi 1962

Dada mpendwa,

Salamu. Natumaini hali yako ni njema. Mimi sijambo, nimechoka tu. Miaka saba sasa katika ofisi hii ya mawakili wa haki za watu wetu na bado mezani nina kiti kimoja. Naishi kwenye treni. Wiki hii Georgia, wiki ijayo Virginia, kila mahali nawatetea watoto wa watu, halafu narudi kufungua mlango wa chumba ambacho hakuna aliyekiingia tangu nilipotoka.

Najua umesikia kwamba nilifika Pocalee wiki iliyopita. Sikuja kwako, na wewe unajua kwa nini. Mwalimu akionekana na wakili kama mimi, Mei hapewi mkataba mwingine. Jioni nilipita kwa gari mbele ya nyumba yako. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Nilimwambia dereva apunguze mwendo, kisha nikamwambia aendelee.

Kazi imekwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Miaka minane tangu Mahakama Kuu iseme shule zisitengwe kwa rangi, na Pocalee mpaka leo hakuna hata mtoto mmoja mweusi aliyekanyaga shule ya wazungu. Kanisani wazazi walipanga foleni kuandikisha watoto wao na kutia sahihi, wakiwemo wanaolima mashamba ya wazungu kwa kugawana mazao. Watoto thelathini na mmoja! Nilikuwa na treni ya kuwahi, kwa hiyo nilichukua karatasi wino ukiwa bado mbichi. Kesi imefunguliwa Charleston.

Mdogo wako,
Josephus


Pocalee
9 Aprili 1962

Kobe,

Hujambo? Mimi mzima.

Taa ya jikoni ilikuwa inawaka kwa sababu nilikuwa napika wali mwekundu na kamba. Nilijua hutakuja. Ningekuona unakuja ningekufukuza na mwiko. Lakini nilipika wa watu wawili, nikakaa, nikala wa mtu mmoja, na kesho yake nikala wa yule mwingine.

Hapa watu wanaongea chinichini. Mimi kanisani nakaa kimya kama walimu wote, na watu wanatuelewa, ingawa wengine wanatutazama kwa jicho la pembeni. Familia ya kina Gadsden wameambiwa na mwenye shamba wahame kabla ya mavuno. Uwe makini, mdogo wangu. Wewe ukikosea unapanda treni.

Dada yako,
Ardelia


New York
11 Oktoba 1962

Dada,

Natumaini u mzima. Mimi siwezi kusema sijambo.

Nimefanya kosa ambalo mtoto wa darasa lako la kwanza asingelifanya. Wakili wa kaunti, Bwana Renfroe, amechukua orodha yangu ya watoto, akailinganisha na rejista za shule, kisha akasimama mbele ya jaji akitabasamu. Kati ya watoto thelathini na mmoja, ishirini na saba hawamo. Anasema Jumatatu Simmons hayupo. Mvua Gadsden hayupo. Kibuyu Heyward hajawahi kuzaliwa. Anasema nimetunga watoto hewani ili nisumbue wazungu.

Ni majina ya kapu, Dada. Wale wazazi waliandika watoto wao kama wanavyowaita nyumbani, na wao wenyewe wakatia sahihi kwa majina yao ya kapu. Nani kule anamwita Kibuyu kwa jina jingine? Mgeni angeuliza. Mimi mwenyeji nikayasoma yote nikaona sawa, kwa sababu masikioni mwangu yalikuwa sawa. Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa nawahi treni.

Vyeti vya kuzaliwa wengi hawana. Wazazi wanaweza kuapa, lakini Renfroe anasema mtu asiye na jina hawezi kumthibitisha mwingine asiye na jina, na jaji ameonyesha kukubaliana naye. Tumepewa mpaka tarehe 19 Novemba. Tusipothibitisha kwamba watoto hawa ndio wale walioandikwa rejistani, kesi inafutwa, na wale waliofukuzwa mashambani watakuwa wamefukuzwa bure.

Nakumbuka lile daftari lako unamoandika majina yote mawili, ili mama akija kumuulizia Mvua ujue anamtaka nani. Sikuombi, Dada. Naapa sikuombi. Nakueleza tu kwa sababu sina mtu mwingine wa kumweleza.

Mdogo wako,
Josephus


Pocalee
22 Oktoba 1962

Josephus,

Barua yako imefika. Hapa mvua zimezidi, paa linavuja upande wa darasa la tatu.

Kuhusu hayo mengine: mwalimu huajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na wangu hutiwa sahihi na Bwana Cuthbert kila mwezi wa Mei. Unalijua hilo. Nina watoto hamsini na wanane mwaka huu. Nina umri wa miaka hamsini na minne, sina mume, sina mtoto wa kumzaa, nina wewe ambaye huji, na nina wao ambao wanakuja kila asubuhi. Usiniandikie tena jambo hili.

Ardelia Bonneau


New York
8 Novemba 1962

Dada,

Umetia sahihi kama unavyotia kwenye ripoti za shule. Nimeitazama ile sahihi wiki nzima.

Umefanya vyema kunikatalia. Nisamehe kwa kuuliza huku nikijidai siulizi. Tarehe 19 nitasimama peke yangu niseme nilichonacho, na nitashindwa. Baada ya hapo sijui kama nitarudi Pocalee, maana sitaweza kumtazama yeyote usoni.

Vaa viatu vya mpira mvua ikinyesha. Ni hilo tu.

Mdogo wako


Pocalee
25 Novemba 1962

Kobe wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, miguu tu imevimba kwa kusimama.

Nakuandikia kwa sababu tulikuwa chumba kimoja saa tatu nzima na hatukusemezana neno moja la nyumbani. Ulipogeuka ukaniona naingia na daftari kwapani, ulitoa macho, nikaogopa utaniita Dada mbele ya jaji. Ulijitahidi. "Bi. Bonneau, tafadhali ieleze mahakama." Sauti yako ilitetemeka kwenye "tafadhali" lakini nadhani ni mimi tu niliyesikia.

Sikukubali kusoma majina kama orodha ya duka. Kila mtoto nilimweleza jaji kama alivyo. Jumatatu ni Alphonso Simmons, wa darasa la nne, anaandika kwa mkono wa kushoto, alizaliwa Jumatatu ya Pasaka. Mvua ni Verna Gadsden, mjeuri, lakini hesabu anazipenda. Wote ishirini na saba. Yule Renfroe akasema, "Ardelia, unataka tuamini unawakumbuka wote hawa?" Nikamwambia, "Nimewafundisha. Kwani wewe wateja wako huwakumbuki?" Watu wakacheka mpaka jaji akagonga meza. Hakujua kwamba tu ndugu, maana baba zetu ni wawili na majina pia; akatafuta pengine, "Na huyu wakili anayekuuliza ni nani yako?" Nikasema alikuwa mwanafunzi wangu, msomaji mzuri, ila ana haraka. Hilo nililisema kwa makusudi, ulistahili.

Unataka kujua nini kilinibadilisha? Si barua yako, usijivune. Ijumaa kabla ya tarehe 19 niliita majina ya asubuhi kama kawaida, na kila mtoto akaitika "Nipo, Mwalimu". Verna akaitika. Alphonso akaitika. Nikakumbuka kuna mtu Charleston anasema hawapo. Nikashindwa kuendelea kufundisha, nikawapa kuchora.

Baadaye nilisimama kwenye ngazi za mahakama nikikungoja. Nilitaka nikushike mkono tu. Basi la Pocalee likaja, nikapanda.

Dada yako,
Ardelia


New York
1 Desemba 1962

Dada,

Salamu za upendo. Nilikuona pale kwenye ngazi. Polisi walinitoa kwa mlango wa nyuma, wakasema mbele kuna watu wenye mawe, wakaniingiza garini. Tulipita upande wa pili wa barabara. Nilikuona umeshika mkoba wako kwa mikono miwili, unatazama mlango ambao sikutokea. Niligonga kioo. Hukusikia.

Jaji amekubali majina yote. Kesi inaendelea. Sijui nitakulipa nini kwa hili, na usiniambie hakuna cha kulipa.

Mdogo wako,
Josephus


New York
15 Septemba 1963

Dada mpendwa,

Hujambo? Ni muda mrefu. Najua Pocalee mmesikia, lakini nataka nikuambie kwa mkono wangu: tumeshinda. Watoto wanane wameanza wiki iliyopita katika shule ya wazungu, wengine watafuata mwaka hadi mwaka. Niliwasindikiza mpaka mlangoni. Verna Gadsden alivaa soksi nyeupe, akaniuliza, "Ndani wataniita nani?" Nikamwambia Verna.

Nilitaka nipite shuleni kwako, wakili mwenzangu akanikataza, akasema hasira ya mji bado moto. Lakini nakusumbua kwa swali. Barua zako mbili za kiangazi, ule mwandiko si wako. Herufi zimelegea, mistari inapanda na kushuka. Wewe uliyekuwa unatupiga rula vidoleni kwa herufi iliyoinama! Unaumwa? Darasa linakwendaje?

Mdogo wako,
Josephus


Pocalee
3 Oktoba 1963

Kobe,

Mimi sijambo. Ni baridi yabisi ya vidole, ugonjwa wa uzee, usihangaike. Watoto hawajambo, wanakua. Hongera kwa kesi. Nilikuwa upande wa pili wa barabara siku mlipowapeleka, kwenye kundi. Koti lako linahitaji kifungo.

Dada yako,
Ardelia


New York
17 Februari 1964

Dada,

Sitaanza na salamu, nisamehe.

Jana nilikutana hapa na Mchungaji Vanderhorst wa kanisa la huko kwetu, amekuja mkutanoni. Nikamuuliza habari zako. Akanishangaa. Akasema, "Kwani hujui? Dada yako hana shule tangu Mei. Cuthbert hakumpa mkataba. Yuko kiwandani, anabandua chaza."

Miezi tisa. Miezi tisa unaniandikia "watoto hawajambo". Umesimama kwenye zege lenye maji, kisu mkononi, unafungua maganda pamoja na wasichana uliowafundisha kusoma, na mimi huku nanywa mvinyo na watu wananipongeza! Vidole vimekatwa na maganda, ukaniambia ni uzee. Mficha maradhi kifo humfichua, Dada, hukunifundisha wewe? Nimesoma tena barua zako zote za kiangazi. Nimelia kama mjinga.

Wenzangu wanasema mwalimu aliyenyimwa mkataba kwa sababu ya kutoa ushahidi ana kesi nzuri. Nataka kuifungua. Au njoo ukae nami. Nitanunua kiti cha pili.

Mdogo wako,
Josephus


Pocalee
1 Machi 1964

Kobe wangu,

Acha kulia, unalowesha karatasi za wateja.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja mbio kama unavyokuja sasa, na ungeacha watoto wanane wale katikati ya njia. Pia niliona aibu. Siyo ya chaza, kazi si aibu. Wanawake wa kiwandani wananiita Mwalimu mpaka leo, wananiachia nafasi karibu na jiko. Aibu yangu ni asubuhi. Saa mbili watoto wanapita mbele ya kiwanda kwenda shule, wanapunga mkono, na mimi sina la kufanya ila kupunga kisu.

New York siji. Nifanye nini huko, nikungoje urudi kutoka Georgia?

Fungua kesi. Lakini nisikilize vizuri, na usiwe na haraka. Sitaki fidia, sitaki Cuthbert aniombe radhi, na sitaki jina langu gazetini. Nataka watoto. Hata chumba kibovu, hata paa linalovuja. Ukishinda kila kitu na hilo likakosekana, umeshindwa.

Dada yako,
Ardelia


New York
22 Agosti 1966

Dada yangu mpendwa,

Hujambo? Mimi leo ni mzima kuliko siku zote za maisha yangu!

Hukumu imetoka. Jaji ameamuru bodi ya shule ya Pocalee ikurudishe kazini Septemba hii, kwa cheo na mshahara uleule. Kwa kuwa wamefunga shule yako ya zamani kiangazi hiki, watakupokea katika ile ile iliyokuwa ya wazungu peke yao. Wewe, Dada! Utapita mlango uleule waliopita kina Verna. Cuthbert alikuwepo mahakamani, mzee sasa, anatembelea fimbo. Hakunitazama.

Jambo moja. Jaji anataka ripoti mwezi wa Januari, kama amri yake imetimizwa kwa nia njema. Kwa hiyo niandikie ukweli wote safari hii. Kila wanalokufanyia, hata dogo, liandike, nitalipeleka mbele yake. Nitakuja mwenyewe, tule Krismasi pamoja. Sijala Krismasi na mtu tangu 1950.

Mdogo wako,
Josephus


Pocalee
27 Novemba 1966

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi sijambo, vidole vimepona, mwandiko unaona mwenyewe.

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Septemba. Uliniomba ukweli wote, na ukweli ulikuwa haupandi mkononi.

Siku ya kwanza nilivaa gauni la bluu. Mkuu wa shule, Bwana Tolliver, alinipokea kwa heshima, akanipandisha orofani mpaka chumba cha mwisho. Kuna meza, kiti kizuri, dirisha, madawati ishirini na ramani za zamani. Nikamuuliza darasa langu litaanza saa ngapi. Akasema, "Amri ya jaji ni kazi na mshahara, Ardelia. Haikutaja darasa." Akafunga mlango.

Kobe, nilikaa mle wiki sita. Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Nilisikia kengele, nilisikia miguu ya watoto, niliwasikia wetu wakicheka uwanjani na nikajua kila cheko ni la nani. Hakuna aliyekuja. Nilifuta ubao usioandikwa kitu. Nilikula chakula changu nimeutazama mlango. Pale kiwandani angalau niliwapungia mkono. Siku moja nilijisemea hesabu za saba kwa sauti, nisikie tu mtu akisema kitu. Nilikuwa nimekwisha kuandika barua ya kuacha kazi, na nyingine ya kwako, na ya kwako ilikuwa kali, yenye kila ushahidi unaoutaka. Hazikutumwa.

Halafu katikati ya Oktoba mlango ukagongwa. Alikuwa Verna Gadsden, sasa ni msichana mrefu, uso umenuna. Alimjibu vibaya mwalimu wake, akatumwa juu akae saa nzima chini ya macho yangu, kimya. Kumbe wamepata kazi ya kunipa. Mimi ndimi adhabu.

Nikamwambia akae. Nikamuuliza darasani wamefika wapi. Akasema sehemu ya desimali, na hakuna anayemweleza, akinyoosha mkono hawamwoni. Nikachukua chaki. Saa ikaisha mara moja. Jumatatu iliyofuata nikamwona tena mlangoni. "Umefanya nini tena?" nikamuuliza. "Nimeangusha vitabu vyote chini, Mwalimu." "Kwa nini?" Akatazama viatu vyake. "Zile hesabu tulikuwa hatujazimaliza."

Nilimgombeza, usifikiri sikumgombeza. Kisha tukazimaliza.

Kina Alphonso wakasikia. Siku hizi kuna siku nina watano, kuna siku nina tisa. Wanapokezana utundu kwa zamu, nadhani wana orodha. Wiki iliyopita amekuja mtoto wa kizungu, wa mwenye duka la dawa, anasoma herufi moja moja kwa kidole na amefika darasa la sita hivyohivyo bila mtu kugundua. Naye amerudi mara mbili. Bwana Tolliver amefurahi sana na mimi. Ananiambia watoto wanashuka kutoka kwangu wakiwa wapole, lazima mimi ni mkali kweli. Nikikutana naye kwenye ngazi nakunja uso.

Sasa ripoti yako ya Januari. Nikikuandikia rasmi kwamba sina darasa, utasimama mbele ya jaji, nakujua, utanguruma vizuri na utashinda. Wataamriwa wanipe darasa. Na baba zao watawatoa watoto wa kizungu siku hiyo hiyo, na wetu watahamishiwa kwingine ili pasiwe na mtu, na nitabaki na darasa la amri ya mahakama lenye madawati matupu. Au utawaambia juu ya hawa wanaopanda huku kwa utundu, na kesho yake watapewa adhabu nyingine.

Kwa hiyo usije Krismasi. Watu watakuona, wataanza kuuliza Mwalimu analalamikia nini. Najua ni miaka kumi na sita. Hata mimi naihesabu. Nitapika, na utapika huko, na tutakula saa moja ile ile, ndiyo hivyo.

Ile barua kali nimeichoma jikoni. Mwandikie jaji kwamba Ardelia Bonneau amerudishwa kazini na hana malalamiko. Ni mara ya kwanza nakuomba kitu katika kazi yako, na najua ni kigumu kwako kuliko kesi yoyote. Usinitetee, mdogo wangu. Safari hii niache nishindwe, kesho nina watoto.

Dada yako akupendaye,
Ardelia